Miguu ya Helen

Mvua za Buha hazina haraka. Huanza Oktoba, na hadi zinapokipisha kiangazi mwezi Mei, mtu wa Kasulu au wa Kibondo huwa amekwisha kuzoea kuishi na tope jekundu lililomganda nyayoni kama kiatu cha pili. Na kwa kuwa jioni ukungu hushuka kutoka vilimani na baridi humsukuma kila mja kutafuta joto la wenzake, ndivyo ilivyotukia kwamba mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye staha ya umri na koti la sufi, nilijikuta usiku mmoja wa mwaka 1997 ndani ya banda la video mjini Kasulu, nimebanwa juu ya benchi la ubao baina ya kijana muuza karanga na fundi cherehani wa Kikongo, namtazama mwanamke akicheza kando ya moto wa majambazi. Picha ilikuwa Sholay, iliyotoka Bombay mwaka 1975. Kanda ilikuwa imechoka kwa kurudiwarudiwa, mistari myeupe ikipanda na kushuka juu ya kioo, na jenereta iliyofungwa nje chini ya mwembe ilikohoa kwa namna iliyotutia sote hofu kwamba ingezima kabla wimbo haujaisha.

Fundi akanigusa goti. “Mwalimu, ule ni Helen,” akaninong'oneza, kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani yake wa zamani.

Nilimjua. Nilikuwa nimemwona ujanani katika sinema ya Avalon, Dar es Salaam, enzi ambazo kijana aliyetoka bara kwa garimoshi aliona kuingia Avalon au Empress kuwa ni sehemu ya elimu yake, na nilimkumbuka jinsi vijana wote wa rika langu walivyomkumbuka, yaani kwa mambo ambayo mwalimu haandiki. Nisichokijua wakati ule, na ambacho nilikuja kukisoma miaka mingi baadaye, ni kwamba mwanamke huyu ambaye dunia nzima ya picha za Kihindi ilimjua kwa miguu yake, aliingia India kwa miguu hiyohiyo akiwa mtoto mdogo, akikimbia vita. Na tangu nilipoyajua hayo sijaweza tena kumtazama akicheza bila kuyaona, nyuma ya mavazi yake ya kumetameta, makundi ya watu niliowaona mimi kwa macho yangu wakiingia Kibondo.

Helen alizaliwa Rangoon, mji mkuu wa Burma ya wakati ule, mwishoni mwa mwaka 1938, mama yake akiwa mwenyeji wa nchi hiyo na baba yake akiwa mtu wa damu iliyochanganyika, ya Kizungu na ya Kihindi. Wajapani walianza kuudondoshea mabomu mji wa Rangoon mwezi Desemba 1941, na ilipofika Machi 1942 mji ulikuwa mikononi mwao. Mamia ya maelfu ya watu waliokuwa na nasaba yoyote na India, au na Waingereza, walishika njia ya magharibi kuelekea Assam, wakipita misituni na milimani katika mvua ambazo mvua zetu hizi ni manyunyu tu ukizilinganisha nazo. Mwanamume wa nyumba ile alikwisha kufa vitani. Mama alikuwa mja mzito, na alikuwa na watoto wa kuwashika mkono. Yeye mwenyewe Helen, alipokuja kusimulia habari hizi katika gazeti la Filmfare mwaka 1964, alieleza kwamba walipita kutoka kijiji hadi kijiji wakiishi kwa hisani ya watu wasiowajua, hawana fedha, hawana chakula, na nguo ni chache; kwamba mara kwa mara walikutana na askari wa Kiingereza waliowabeba kitambo na kuwatibu miguu iliyotoka malengelenge; kwamba mama yake aliharibu mimba njiani; na kwamba walipofika Dibrugarh, katika Assam, karibu nusu ya msafara wao ilikuwa imebaki nyuma, wengine kwa maradhi na wengine kwa njaa. Yeye na mama yake walilazwa hospitalini wakiwa mifupa mitupu. Ndugu yake wa kiume alifika India, lakini ndui ilimchukua huko Calcutta.

Niliposoma habari hizo sikushangazwa na mauti, maana mauti ya safari kama hiyo hayana ugeni katika nchi yetu. Kilichonisimamisha ni yale malengelenge. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na haukupita muda barabara zote zinazoteremka kutoka mpakani kuja Kibondo na Kasulu zikajaa watu, na kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujitetea kwamba hakusikia walichokuwa wakikisema. Wengi walilala katika viwanja vya makanisa na vya shule. Katika kiwanja cha shule yetu nilimwona mama mmoja amekaa juu ya jiwe la kengele, ameipakata miguu ya binti yake wa miaka minne au mitano, anaiosha kwa maji ya sufuria ileile ambayo jioni angepikia maharage, akianza na kisigino, kisha unyayo, kisha kidole kimoja baada ya kingine, taratibu kama mtu achambuaye mchele. Mtoto hakulia. Alipoinuliwa asimame, alisimama kwa ukingo wa nje wa nyayo zake, magoti yameachana, akapiga hatua tatu hivi kama bata. Mtu aliyetembea siku nyingi hujulikana kwa mwendo huo kabla hujamwuliza ametoka wapi, na mwendo huo ndio niliokuja kumtafuta kwa Helen, bila ya kuuona, katika kila wimbo aliowahi kuucheza.

Huko Bombay, walikohamia, mama yake Helen alipata kazi ya uuguzi, na mshahara haukutosha, kama ambavyo mishahara ya wauguzi haijapata kutosha mahali popote. Binti akaacha shule. Alikuwako mchezaji mashuhuri wa zama hizo, Cuckoo, rafiki wa familia, ambaye alimwingiza katika kundi la wachezaji wa nyuma, wale wanaojaza jukwaa ili macho ya mtazamaji yapate pa kupumzika yanapochoka kumtazama aliye mbele. Na ndivyo Helen alivyoonekana kwanza, kama mtu aonekanavyo msikitini siku ya Idi, katika picha mbili za mwaka 1951, Shabistan na Awaara. Hii ya pili, ya Raj Kapoor na Nargis, ni picha ambayo watu wa Unguja waliipenda kwa mapenzi yasiyo na kifani, na sijui ni wazee wangapi wa huko waliomwona Helen wasijue kuwa wamemwona.

Alijifunza. Jambo hili hupuuzwa na wanaodhani kwamba uchezaji wa namna yake ni kukata viuno tu. Alianza kwa Manipuri, kisha akajifunza Bharata Natyam na Kathak, na Kathak ni ngoma ambayo mchezaji hufunga njuga mia na zaidi kwenye kila mguu, akazipiga chini kwa hesabu hata mpiga tabla akishindwa kumfuata ndiye mwenye aibu. Sisi watu wa ngoma za njuga tunaelewa adabu ya chombo hicho kuliko msomi wa Ulaya anavyoelewa: njuga haisitiri kosa, maana mguu ukikosea sauti husema. Huko Madras, mwaka 1936, Bibi Rukmini Devi Arundale alikuwa amekwisha kuasisi chuo cha Kalakshetra ili kuinyanyua Bharata Natyam, ngoma ya mahekalu, kutoka katika dharau iliyotupiwa na kuiweka miongoni mwa mambo ya binti wa watu wenye heshima zao, na kazi hiyo ilikuwa adhimu, ila kila mtu anapofagia sebule yake takataka huenda mahali fulani. Tamaa, ulevi, kicheko cha usiku, macho ya wanaume: vyote vilivyofagiwa kutoka katika ngoma ile takatifu viliangukia sakafu ya sinema, na aliyekuwa amesimama pale, mwenye miaka 19, hana baba wala shamba wala ukoo wa kumwuliza maswali, ni Helen. Katika Howrah Bridge, mwaka 1958, walimvika Kichina, Geeta Dutt akamwimbia nyuma ya pazia, naye akauzungusha ukumbi mzima kwa kifundo cha mkono wake. Tangu siku hiyo akawa mtu mwenye jina.

Naomba msomaji anivumilie nimweleze jinsi anavyocheza, kwa kuwa ni jambo ambalo maneno hulipata kwa shida. Wachezaji wengi wa picha hutangulia kwa kiuno na uso hufuata ukiwa umeduwaa kidogo, kama mtu anayehesabu fedha za wengine. Helen hutangulia kwa bega. Bega moja, aghalabu la kushoto, hupanda nusu ya shibiri, hutulia, hushuka kwa nukta mbili. Macho yamekwisha kucheka kabla bega halijafika chini. Kisha ndipo kiuno hujibu, na kinapojibu miguu tayari iko kwingine. Katika Caravan ya mwaka 1971, anapoigiza Monica, sauti ikiwa ya Asha Bhosle na muziki wa R. D. Burman, utaona kwamba hata pale anapojifanya amelewa na kuyumba, unyayo wake hutua palepale ulipotakiwa kutua. Na kuna jambo jingine dogo ambalo nililigundua kwa sababu ya ubovu wa kioo cha banda letu, kilichofanya rangi zote zikolee kupita kiasi: yale mapaja na kile kifua ambavyo vijana wa Avalon waliapa kuwa wameviona, hawakuviona. Alivaa soksi za mwili mzima, za rangi ya ngozi, na ukikaza macho kwenye kiwiko utaona vikunjo vyake. Mwanamke aliyedhaniwa kuwa hana haya alikuwa amejisitiri kuliko tulivyojisitiri sisi tuliomhukumu.

Wateja wa mabanda ya video wanayo kanuni moja ya fasihi isiyohitaji chuo, nayo ni kwamba stelingi hafi. Ukitaka kujua ni nani aliye wa nyumbani katika picha na ni nani mpita njia, ngoja mwisho uhesabu waliosalia. Helen hakuwa stelingi, wala mchumba wa stelingi. Katika Gumnaam ya mwaka 1965 anaitwa Kitty, anakunywa, anacheka, anacheza ufukweni, na anauawa. Katika Don ya mwaka 1978 anacheza ili kumchelewesha adui aliyemwulia mchumba wake, na anauawa. Majina yake, aghalabu, ni ya kigeni. Nguo zake ni za kigeni. Nyumba yake ni hoteli. Sidhani kama waliotunga visa hivyo walimkusudia uovu. Walihitaji mwanamke wa kubeba tamaa ya watazamaji pasipo kumwaibisha binti wa Kihindi anayemngoja stelingi nyumbani, na mtu apendaye kumtwika mwingine mzigo wake humtafuta mgeni. Mama wa Rangoon alivuka misitu ili bintiye awe mtu wa India. India ikampokea, ikampigia makofi, ikamlipa, ikamwambia kila jioni kwa robo karne kwamba si wa hapa.

Pwani yetu haikumsikia akiambiwa hivyo. Huko, tuni za Bombay zilitoka sinema zikaingia harusini, na Juma Bhalo wa Mombasa akazivika mashairi ya Kiswahili yaliyokaa juu yake kana kwamba hazikupata kuwa na maneno mengine; na wimbo ukisha kuvuka bahari namna hiyo haubaki na habari ya nani aliuawa katika picha ulikotoka.

Mwaka 1979 walimpa nafasi ya mama badala ya ile ya mlevi, katika Lahu Ke Do Rang, akapata tuzo ya Filmfare. Mwaka 1981 Salim Khan, mmoja wa watunzi wawili wa Sholay na wa Don, aliyekuwa tayari na mke na watoto, alimwoa. Yaani yule aliyemwua kwa kalamu ndiye aliyemwoa kwa ndoa, na Kiswahili kimetenganisha mambo hayo mawili kwa herufi moja tu. Mwaka uleule Cuckoo, aliyekuwa wa kwanza kumshika mkono, alikufa kwa saratani katika ufukara. Serikali ya India ilimtunuku Helen nishani ya Padma Shri mwaka 2009. Katika Hum Dil De Chuke Sanam ya mwaka 1999 anaonekana dakika chache akiwa mama wa Salman Khan, ambaye ni mtoto wa mumewe, na ilipoonyeshwa bandani kwetu fundi wangu wa Kikongo alisimama akapiga kelele kwamba yule mama ndiye Helen wa Sholay. Vijana wakamcheka. Wakamwambia, “Kaa chini mzee, unatuziba.” Akakaa, akanitazama mimi nimtolee ushahidi, nami kwa kuchelea heshima yangu sikusema neno, jambo ambalo sijisamehei.

Mwaka 2015 barabara zilijaa tena watu wa Burundi. Safari hii wengine walishuka kwa ziwa, wakachukuliwa na meli kongwe ya Liemba kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilipofurika, ikiwa na watu zaidi ya laki moja, kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Nilikuwa nimestaafu. Kwa kuwa nakijua Kirundi kwa njia ya Kiha, niliwahi kuitwa kuwafanyia wageni ukalimani siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, huko Nduta. Wageni huketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Wapiga ngoma wa Burundi huingia na ngoma zao vichwani, magogo mazito yaliyowambwa ngozi, wakipiga huku wakitembea, kisha wanazitua nusu duara na mmoja mmoja anaruka mbele ya ngoma ya katikati kwa kimo ambacho mtu wa umri wangu hukiangalia kwa wasiwasi. Ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2017 amri ya serikali huko kwao ikakataza wanawake wasizipige. Hotuba husomwa. Jua linapoinama, magari ya wageni huondoka kurudi Kibondo, na wapiga ngoma husalia upande wa pili wa kizuizi, ambacho mtu wa kambini haruhusiwi kukivuka pasipo kibali. Nikiwa bado kwenye kiti changu chini ya turubai, nilikumbuka jinsi wimbo wa Helen unavyoisha: taa hubadilika, mlango hufungwa, na kisa huendelea na watu wengine.

Mimi niliombwa nilale hukohuko kwa ajili ya mikutano ya kesho yake, na asubuhi, nikinyoosha magoti, nikapita penye bomba la maji. Foleni ya ndoo na madumu ilikuwa ndefu, baadhi ya wenyewe wamekaa, baadhi wameacha jiwe liwashikie nafasi. Binti wa miaka tisa au kumi, kitenge kimefungwa shingoni, alikuwa amefika penye maji na ndoo yake ilikuwa ikijaa; naye kwa kungoja, bila ya kumtazama mtu yeyote, alipandisha bega la kushoto nusu ya shibiri, akalituliza, akalishusha kwa nukta mbili.

Nilimsalimu, “Amahoro.” Nikamwuliza amejifunzia wapi hayo. Akasema, kwenye simu ya kaka yake. Nikamwuliza kama anamjua mwanamke wa kwenye simu. Akasema hapana, ni Mhindi tu, na akaongeza, kwa uso wa mtu anayezungumza kazi, kwamba bega analiweza lakini kinachofuata hakijui, maana simu huisha chaji hapo.

Hapo nilimkumbuka fundi wangu, aliyekwisha kurudi kwao Kongo au kufa. Nikaweka fimbo yangu kwenye ukingo wa saruji, nikafungua vifungo viwili vya koti la sufi, na mbele ya foleni nzima ya Nduta nikapandisha bega langu, nikalishusha, nikageuza kiuno kadiri kilivyokubali, nikaonyesha mahali mguu unapotakiwa kuwa umekwisha kufika. Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Binti hakucheka. Alitazama mguu wangu.

“Bado kidogo,” akasema. “Rudia.”

Nikarudia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akatupigia kelele kwamba ndoo imejaa na maji yanamwagika.